Diski za Breki: Kukereza au Kununua Mpya? Uzoefu Wangu Malindi

Diski za breki za gari linalolala nje karibu na bahari hapa Malindi huamka na kutu ya rangi ya chungwa, nayo huondoka yenyewe baada ya breki kukanyagwa mara chache. Tatizo la gari langu lilikuwa jingine: nikirudi kutoka Mombasa, kila nilipopunguza mwendo ili kuvuka matuta, usukani ulitetemeka na pedali ya breki ikanipiga mguu.

Gereji ya kwanza iliniambia ninunue diski nne mpya, hata kabla ya kufungua gurudumu moja. Nilikwenda kwingine, kwenye karakana yenye mashine ya kukereza, yaani ya kuparuza uso wa diski mpaka uwe sawa, na huduma yao ndiyo ninayoieleza hapa.

Fundi alifungua magurudumu yote, akapima unene wa kila diski kwa maikromita, kifaa cha vipimo vidogo sana, mahali kadhaa kwenye mzunguko wake. Alipima ndani ya ule ukingo wa kutu usiofikiwa na pedi, vile vibao vinavyoibana diski, kwa kuwa anayepima juu yake hupata unene ambao haupo. Kisha akasugua pembeni kwa brashi ya waya mpaka maandishi ya kiwandani yakasomeka: diski za mbele zisipungue milimita 20. Zangu zilikuwa na 21.5, ila hazikuwa sawasawa. Tofauti ilikuwa sehemu chache tu za mia za milimita, ambazo jicho halizioni lakini mguu unazihisi.

Alikereza milimita 0.3 kila upande, zikabaki na 20.9. Ziada hiyo ina maana kubwa, kwani 20 ni kipimo cha kutupa diski, na kuikereza mpaka hapo ni kupoteza pesa ilhali pedi zitaendelea kuila tangu siku ya kwanza. Gharama haikufika theluthi ya bei ya diski mpya; kwa gari ambalo diski zake ni za bei rahisi, nisingejisumbua.

Za nyuma zilikuwa habari nyingine. Ni nyembamba, hazina matundu ya hewa katikati, na kutu ya chumvi ilikuwa imezichimba vishimo ambavyo kuvifuta kungezishusha chini ya kipimo. Ya kulia ndiyo iliyoharibika zaidi, lakini fundi alishauri tubadilishe zote mbili pamoja na pedi zake, maana breki za ekseli moja, yaani ya kulia na ya kushoto, zikishika kwa nguvu tofauti gari huvuta upande mmoja. Nilikubali bila ubishi.

Lawama yangu iko kwenye ufungaji. Kijana aliyekabidhiwa kazi hiyo alitaka kuzirudisha diski juu ya habu (kitovu ambacho diski na gurudumu hufungwa) yenye kutu, nami nikamwomba aisugue kwanza, kwa sababu punje ndogo tu ikibanwa pale huifanya diski ikae upande na mtetemo ukarejea. Mafuta ya kuzuia kutu kwenye diski mpya aliyaosha vizuri, lakini nati alizikaza kwa mashine ya upepo, kwa kukisia.

Pedi nilizizoesha kwenye barabara ya Mambrui, nikipunguza mwendo polepole mara kadhaa bila kusimama kabisa, na tangu hapo usukani umetulia. Nawapa nyota nne. Ya tano nitawaongeza watakapokaza nati kwa spana inayopima nguvu ya kukaza.