Uzoefu wangu: misimu minne na makocha wa makasia wa binti yangu, mto Merrimack

Wazazi wenzangu wa hapa Massachusetts wananiuliza swali moja msikitini, harusini, hata kazini tukipokezana zamu: ule mchezo wa mashua wa bintiyo, ni salama? Na hao wanaomfundisha ni watu gani? Nimejibu kwa simu mara nyingi mno, kwa hiyo leo naandika. Nitazungumza zaidi kuhusu makocha, maana mashua nzuri hata shule za kitajiri wanazo.

Sisi tunakaa Lowell. Klabu yenyewe ni ya jamii, si ya shule, iko kando ya mto Merrimack, na inapokea watoto wa sekondari na wa darasa la saba na la nane. Binti yangu aliingia akiwa na miaka 14. Sasa amemaliza misimu minne, vuli mbili na majira mawili ya kuchipua, na kati yake vipindi vya ndani vya baridi.

Mimi ni mtu wa Matondoni, Lamu. Baba yangu ni mvuvi, na nimekulia mahali ambapo mashua huundwa mlangoni pa watu. Kasia nalijua, kafi nalijua, kishwara, kile kitanzi cha kamba cha kushikilia kasia, nimekisokota kwa mikono yangu. Na bado siku ya kwanza mtoni moyo ulinishuka. Chombo kina urefu wa mita kama 18 na upana wa sentimita 60 hivi. Watoto wanane wamekaa wakitazama tezi, yaani nyuma ya chombo, miguu imetiwa kwenye viatu vilivyofungwa ndani ya mashua, na hakuna hata mmoja aliyevaa jaketi la kuokolea. Hakuna! Nimewahi kuona maji yakichukua watu wazima waliozaliwa juu yake. Nikamwambia binti yangu, rudi garini.

Kocha mkuu alikuja mbio akanisalimu. Hakuniambia nisiwe na wasiwasi. Alinipeleka kwenye mashua iliyokuwa juu ya vigogo vyake, akanishika mkono akauweka kwenye kisigino cha kiatu. Pana kamba fupi pale. Mashua ikipinduka, kisigino kinazuiwa na ile kamba, mguu unachomoka wenyewe bila mtoto kutumia mikono. Akanionyesha mpira mweupe kwenye ncha ya omo, yaani mbele ya chombo, unaozuia chombo kisimchome mtu wakigongana. Kisha akanipeleka kwenye boti ya injini anayofuatana nayo na watoto, akafungua mfuko, akasema: hesabu. Majaketi tisa, manane ya wapiga makasia na moja la mshika usukani. Akanieleza kwamba sheria ya Marekani inazisamehe mashua za mashindano zisibebe majaketi, kwa sababu mtu hawezi kuvuta kasia vizuri akiwa amelivaa, na ndiyo sababu boti ya kocha haitakiwi kuwa mbali nao.

Nimeishi na mambo ya vyombo maisha yangu yote na sijawahi kuona mtu akimfungulia mama mwenye hofu kila kitu namna ile. Baadaye nikagundua kwamba si mimi tu. Zile kamba za visigino watoto wenyewe huzikagua kila siku kabla ya kubeba mashua, na asiyekagua anabaki nchi kavu, hata awe mwenye nguvu kuliko wote.

Binti yangu hakuingia kwenye mashua siku hiyo wala wiki hiyo. Kwanza kuna mtihani wa bwawani: kuelea dakika 10 bila kushika chochote, kisha kuvaa jaketi ukiwa ndani ya maji. Alifika dakika sita akashika ukingo. Kwangu ilikuwa aibu kidogo, mjukuu wa mvuvi. Lakini huku Lowell angejifunzia wapi kuogelea, nami nafanya zamu za usiku kwenye makao ya wazee? Kocha msaidizi, msichana aliyemaliza chuo mwaka ule, aliwapanga wale wote walioshindwa, akakutana nao bwawani kila Jumamosi kwa wiki tano bila malipo ya ziada. Wiki ya tano walipita wote. Sijasahau kwamba hakuna aliyewacheka, na hakuna aliyewapitisha kwa kuwaonea huruma.

Sasa nije kwenye ufundishaji wenyewe. Binti yangu ni mdogo wa mwili na mkimya. Kwa umbo lake walimweka kwenye usukani, yaani ndiye pekee anayetazama mbele, na ndiye anayetoa amri. Nilidhani wamekosea. Mtoto huyu hata dukani huninong'oneza mimi niseme. Wiki mbili za kwanza wapiga makasia walikuwa hawamsikii, na mashua ilikwenda upande upande.

Kocha mkuu akampa kinasa sauti kidogo. Baada ya mazoezi walikaa kwenye ngazi za banda, mbele ya wazazi wanaosubiri, wakasikiliza pamoja alichosema mtoni. Nilikuwa hatua tano tu kutoka kwao, nikasikia maswali yake. Hapa ulitaka wafanye nini? Walifanya? Ulijuaje kwamba hawajafanya? Dakika 20, na sikumsikia akimwambia jambo la kufanya hata moja. Wakarudia hivyo kila Alhamisi. Kufikia mwezi wa kumi yule mtoto wangu wa kunong'ona alikuwa akiwaambia vijana waliomzidi kimo: namba tano umechelewa kutia kasia majini, ngoja mwenzako. Bila hasira na bila kuomba samahani.

Siku moja kocha akamuuliza, kwenu watu wakivuta mashua kuipandisha pwani husema nini? Binti yangu hakujua. Usiku akampigia babu yake Matondoni. Mzee alicheka, kisha akamwimbia kwenye simu namna wanavyoita, mmoja anaanza na wengine wanaitikia, harambee, na wote wanavuta kwa pamoja kwenye ile hee ya mwisho. Vuli ile, kwenye mashindano ya masafa marefu, kama kilomita 5 ambapo mashua huanza moja moja na kushindana na saa, nilisimama juu ya daraja na nikasikia kutoka chini sauti ya mwanangu: Haraambee! Na watoto wanane wa Kimarekani, Wakambodia, Wadominika na mmoja Mkongo, wakaitikia. Nililia na sioni haya kulisema. Walimaliza katikati ya orodha. Baba yangu nilimtumia video, akasema tu, mapigo yao yanalingana.

Kuna la funga pia, ambalo najua akina mama wa Kiislamu wanaliulizia. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Wakati huo mto bado una baridi kali na mazoezi yako ndani, kwenye zile mashine za kuvuta, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Saa zilipobadilishwa tarehe 9, zikasogezwa mbele saa moja kama desturi ya huku, magharibi ikaingia karibu saa moja kasorobo. Ina maana mtoto anavuta mashine saa mbili nzima katika saa za mwisho za funga, pasipo hata tone la maji. Nilijiandaa kumtoa mwezi mzima.

Kabla sijaandika barua, wao walinipigia. Wiki mbili kabla ya Ramadhani! Kocha hakujifanya anaijua dini yetu. Aliuliza: mtoto anakula saa ngapi, analala saa ngapi, na kipi yeye mwenyewe anataka. Kisha binti yangu na kijana mwingine aliyekuwa akifunga wakapewa ratiba yao: siku tatu kwa wiki, mazoezi mepesi ya mtindo wa kuvuta, na siku moja ya kukaa na kocha kuchambua video. Jaribio la mita 2,000, ambalo humwacha hata aliyeshiba akiwa chali sakafuni, wao walilifanya baada ya Idi. Mwishoni mwa mazoezi ya Jumatano mojawapo, msaidizi alibaki na wale wawili hadi adhana ya simu, akiwa amebeba tende. Alikuwa amesoma kwamba huanziwa tende. Mimi nilifika nikawakuta watatu wamekaa sakafuni wanafuturu, nikashindwa hata kutoa salamu vizuri.

Mavazi hayakuleta shida. Waliuliza siku ya kujiandikisha, tukakubaliana suruali ndefu ya kubana na fulana ya mikono mirefu chini ya sare, na hijabu ya michezo isiyo na ncha za kuning'inia, maana kitu chochote kinachoning'inia kinaweza kunaswa. Ndiyo sababu hata zile fulana nzito zenye mfuko wa tumboni hawaziruhusu kwa yeyote anayevuta: mpini wa kasia unaingia mfukoni na mtoto anatupwa nje.

Kuhusu usalama wa aina nyingine, ule tusioupenda kuutaja mbele za watu, nitataja wazi. Niliuliza na nikaonyeshwa. Kila mtu mzima anayewashughulikia watoto amechunguzwa rekodi zake na amepita mafunzo ya kuwalinda watoto wa michezo dhidi ya unyanyasaji. Kocha hamtumii mtoto ujumbe peke yake. Kila ujumbe unaomfikia binti yangu unanifikia mimi pia. Kocha hakai na mtoto mmoja mahali palipofichika. Ndiyo maana wale walikaa kwenye ngazi mbele yetu, si ofisini. Mzazi, klabu yoyote utakayoiendea, ya mashua au ya mpira, uliza mambo haya matatu na usione haya. Anayekasirika kuulizwa, mwondoe mtoto wako hapo.

Sasa yasiyonifurahisha. Wasaidizi hawadumu. Binti yangu amepita mikononi mwa wasaidizi watatu kwa misimu minne. Ni vijana, malipo ni madogo, wakipata kazi ya kudumu wanaondoka, na mtoto aliyeanza kumzoea mtu anaanza upya. Yule wa bwawani na tende aliondoka kiangazi kilichopita, na mwanangu alikaa siku mbili hasemi. Klabu ikiwa na fedha za ziada, ningependa ziwaendee hao kabla ya kununua mashua nyingine.

Pia, msaidizi mmoja mpya aliwahi kumwita mtoto mvivu kwa kipaza sauti, katikati ya mto, wote wakasikia. Sauti juu ya maji husafiri, mimi nilisikia kutoka ukingoni. Niliandika malalamiko usiku uleule. Kesho yake kocha mkuu alimtaka yule kijana aombe msamaha mbele ya watoto walewale waliosikia, si kwa faragha, naye akaomba. Baada ya hapo sikuwahi kumsikia tena akitukana, na mtoto yule bado anavuta.

Taarifa za safari huja zikiwa zimechelewa. Unaambiwa Alhamisi usiku kwamba Jumamosi gari linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Kwa mzazi wa zamu za usiku hilo ni zito, nami nimewaambia zaidi ya mara moja. Limepungua, halijaisha.

Ada, kwa ufupi: ni kubwa kwa watu wa kipato chetu, lakini kuna fomu ya msaada na sisi tulisamehewa zaidi ya nusu. Fomu ni ya kurasa mbili na hawakuniuliza habari za vibali vya ukaazi.

Jambo la mwisho ninalotaka mlijue kuhusu hawa makocha. Mwaka jana nilimtajia kocha mkuu Asiya Mohamed wa Mombasa, aliyepoteza miguu yote miwili na baadhi ya vidole katika ajali ya treni akiwa na miaka miwili, na akaja kupiga makasia katika Paralimpiki ya Tokyo mwaka 2021 akiiwakilisha Kenya. Hakuwa akimjua. Siku iliyofuata alitafuta mbio zake, akasimamisha mazoezi, akawaonyesha watoto wote kwenye ukuta wa banda. Kisha akawaambia watazame mikono na mabega yake, jinsi yanavyobeba mvuto wote kwa kuwa miguu haipo ya kusukumia. Hakuhubiri habari ya ushujaa. Alimchambua kama mwanamichezo, na binti yangu alirudi nyumbani akitembea kama aliyeongezewa kimo.

Ukitaka kumleta mwanao: soksi jozi mbili, chupa ya maji, nguo za kubana, kofia ya sufu kuanzia mwezi wa kumi. Njoo mapema siku ya kwanza, kaa ukingoni, uwasikilize wanavyosema na watoto waliochelewa kuelewa. Mimi nimeshamwandikisha mdogo wake, ana miaka 12. Mtihani wa kuelea ni Jumamosi hii, na juzi alifika dakika nane.