Masika ya Dar na dobi wa mashine: nilichokipata kwenye kukausha nguo

Kufua kwa mikono najua tangu utotoni, na kola ya shati jeupe la shule bado naamini inataka vidole. Kilichonipeleka kwa dobi wa mashine ni jua. Masika ya Dar, kuanzia Machi hadi Mei, unaanika asubuhi, unaanua mbio, unaanika tena, na siku ya tatu shuka bado bichi na limeshaanza kunuka. Kwetu kamba zilikuwa zimepita sebuleni juu ya makochi. Mwanangu alipokwenda shule na sare yenye unyevu, nikasema basi.

Dobi huyu wa mtaani kwetu anafua na kupiga pasi, ila ukitaka anakukaushia tu zile ulizofua mwenyewe, shilingi 1,500 kwa kilo. Nilipeleka beseni zima kwa bajaji. Dada wa mapokezi akazipima: kilo 9. Halafu akazigusa.

"Mama, hizi zinachuruzika. Ukilipa hivi utalipia maji."

Akaziingiza kwenye mashine ya kufulia zikamuliwe tu. Hata uwe na mikono ya nguvu namna gani, hukamui kama pipa linalozunguka mara 1,000 kwa dakika. Zilipotoka akazipima tena mbele yangu, kilo 6. Nikalipa 9,000. Angeweza kunyamaza, wala nisingejua. Kwa hilo peke yake nimemwambia kila jirani.

Kukausha kulichukua kama dakika 45. Kanga na mashuka ya pamba yalitoka yana joto, na ule uvundo umekwisha kabisa. Taulo zilikuwa laini kuliko siku nilipozinunua. Jinzi ndiyo ilisumbua, kiunoni na mifukoni bado baridi, akairudisha dakika 10 bila kudai nyongeza.

Mara ya pili niliumia. Mhudumu mwingine aliingiza sweta la sufu la shule pamoja na mashuka, likatoka limesinyaa, mikono haifiki viganjani. Kwenye lebo kulikuwa na alama ya mraba wenye duara ndani, umekatwa kwa mistari miwili: maana yake lisiingie kwenye mashine ya kukaushia. Mimi sikuisoma, lakini anayepokea pesa kwa kazi hiyo ndiye anayepaswa kukagua. Walinirudishia pesa ya kukausha tu. Sweta jipya nikanunua mwenyewe. Sijaridhika na hilo mpaka leo.

Bado naenda, ila nachambua kwanza nyumbani. Jumamosi foleni inafika nje, kwa hiyo nakwenda Jumatano asubuhi na mashuka, taulo, jinzi na mashati ya shule. Masweta hayatoki nyumbani. Nayatandaza juu ya taulo kavu, nayawashia feni usiku kucha.