Etymonline: kwa wanaosoma sayansi kwa Kiingereza

Kama unasoma sayansi kwa Kiingereza na majina hayakai kichwani hata ukariri vipi, ingia Etymonline. Ni kamusi ya mtandaoni inayoeleza asili ya maneno ya Kiingereza, aliianzisha Mmarekani Douglas Harper, na kuisoma ni bure. Unaandika neno, inakuambia limetoka lugha gani, limepitia wapi mpaka likaingia kwenye Kiingereza.

Mfano mzuri ni oxygen. Jina hilo alilibuni Mfaransa Antoine Lavoisier mwaka 1777 akitumia Kigiriki, oxys ni kali, yani ule ukali wa asidi, alafu hiyo gen ya mwisho ni kuzaa, kwahiyo oksijeni maana yake mzaa asidi, sababu Lavoisier aliamini kabisa kwamba hakuna asidi isiyo na oksijeni ndani yake. Na alikosea! Mwaka 1810 mkemia Mwingereza Humphry Davy akaonyesha kwamba klorini ni elementi, yani haina kitu kingine ndani yake, maana yake asidi hidrokloriki ni hidrojeni na klorini basi, oksijeni haimo hata chembe, ila jina lilishazoeleka na mpaka leo tunalo. Mimi nikishajua kitu kama hicho sisahau tena, na nadhani shuleni wangeanzia hapo.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba mzizi wenyewe unabofyeka. Bofya hiyo gen utakutana na hydrogen, mzaa maji, alafu unaendelea tu mpaka unafika kwenye gene ya biolojia, ukoo mmoja. Vitamin nayo itafute, mwanabiokemia Casimir Funk alilibuni jina hilo 1912 likiandikwa vitamine, akidhani vitamini zote ni amini (amine, aina ya kemikali zenye nitrojeni), ilipojulikana sio zote, mwanabiokemia Mwingereza Jack Drummond 1920 akashauri ile e ya mwisho ikatwe.

Mapungufu yapo. Maelezo mengi ni mafupi na yamejaa majina ya lugha za kale, mgeni atapotea kidogo. Alafu kuweni makini na miaka, ule mwaka wa mwanzoni ni wa neno kuonekana kwenye maandishi ya Kiingereza, sio mwaka wa ugunduzi, wengi wanachanganya hapo wakaja kubishana bure.

Naipa nyota nne kati ya tano. Kemia yenyewe haikufundishi, kwahiyo ifungue pembeni huku kitabu chako kiko wazi.