Darasa la likizo la Mkunazini kwa vijana waliozaliwa ughaibuni

Mpwa wangu wa miaka 15 amezaliwa na kukulia London, na kila akija Unguja hujifungia chumbani kwa kuchoka kuitwa "mzungu" na jamaa zake wenyewe, ilhali huko anakoishi huulizwa kwao ni wapi hasa. Safari hii tulimwandikisha katika darasa la wiki 4 linaloendeshwa kwenye nyumba moja ya Mkunazini, Mji Mkongwe, kwa ajili ya vijana kama yeye.

Nililolithamini zaidi ni kwamba walimu wanaijua kazi wanayoifanya watoto hawa nyumbani bila ya kushukuriwa. Tangu ana miaka 9 yeye ndiye mkalimani wa mama yake hospitalini na maofisini, na kidogo kidogo akazoea kumwona mama ni mtu asiyejua kitu. Wanasosholojia Alejandro Portes na Rubén Rumbaut, ambao tangu mwaka 1992 walifuatilia wanafunzi zaidi ya 5,000 wa familia za wahamiaji huko Miami na San Diego, Marekani, waliieleza hatari hiyo: mtoto akiimudu lugha ya ugenini na kuiacha ya wazazi, huku wazazi wakibaki nyuma, kauli ya mzazi hupungua uzito.

Wiki ya pili mwalimu aliwataka vijana wafuatane na mama zao sokoni Darajani, mama azungumze na kijana anyamaze, kisha aandike aliyoyasikia kwa lugha aitakayo. Mpwa wangu aliandika kurasa tatu za Kiswahili na Kiingereza, akieleza jinsi mama alivyomshusha bei muuza pweza kwa utani, wakaulizana habari za watu wa Mkoani, Pemba, mwisho akapewa na nyongeza. Mwalimu hakukifuta Kiingereza chake. Alimpa maneno kumi ya kwenda kuulizia maana, na wa kumuuliza alikuwa mama.

Kasoro zipo. Makundi yamepangwa kwa umri, si kwa kiwango cha lugha, hivyo mdogo wake mpwa wangu anayesema vizuri zaidi alikaa na wanaoanza salamu. Kina baba hawakuitwa hata siku moja, nami naliona hilo ni kosa kubwa, kwani ugomvi mkali wa nyumbani kwao ni baina ya baba na mwana. Ada ni ya wastani.

Dada ameomba masomo yaendelee kwa simu kila Jumamosi, na walimu wamekubali kujaribu kuanzia Septemba.