Nilivyowakabidhi laptopu, simu mbovu na betri zilizovimba: uzoefu wangu na wakusanyaji wa taka za kielektroniki

Kilichonifanya niwaamini ni maswali yao. Kabla ya kukubali kuja walitaka kujua: kuna betri iliyovimba? Kuna TV ya kichogo? Laptopu zina diski ndani au zimeshatolewa? Wengine niliowapigia walinijibu tu, "Lete chochote, tunachukua." Mimi huyo wa chochote ndiye ninayemwogopa. Kioo cha TV ya kichogo kina risasi, taa za mrija zina zebaki, na nyaya zenye ganda la plastiki ya PVC zikichomwa ili kupata shaba hutoa sumu kali iitwayo dioksini. Asiyeuliza unampa nini, basi hana mpango wa kuvitenganisha.

Kwenye betri nawapa alama zote. Nilikuwa na simu ambayo betri yake ilivimba hadi mfuniko wa nyuma ukabanduka. Maelekezo yalikuja kwa ujumbe kabla wao hawajafika: usiichaji tena, usiitoboe, usiing'oe kama imegandishwa kwa gundi, iweke peke yake kwenye chombo cha chuma chenye mchanga mkavu, mbali na chochote kinachoshika moto. Zile ndogo bapa, za CR2032, nizibandike seloteipu pande zote mbili. Ukiiona ilivyo ndogo utasema wanakuza mambo, lakini nayo ni ya lithiamu, ina volti 3, na zikirundikwa pamoja zikagusana, umeme uliobaki hupata njia na joto hupanda. Betri ya simu au laptopu ni hatari zaidi. Ikikandamizwa ndani ya gari la taka, joto la seli moja huiwasha ya jirani, na moto wake unaweza kurudi baada ya watu kudhani wameuzima. Ile alama ya pipa lenye magurudumu lililokatwa kwa X, ambayo wengi hatuiangalii, inakataza hasa kuitupa huko.

Kijana aliyekuja alivaa glavu, akabeba mizani na ndoo zenye vifuniko. Betri ya UPS (kile kifaa kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika), ya risasi na asidi, aliigeuza taratibu kutafuta dalili za kuvuja, akavifunika vichwa vyake, kisha akaisimamisha kwenye trei yake pembeni. Hakuna kilichotupiwa juu ya kingine. Ila saa ya kufika ni ya kubahatisha. Jipangie siku nzima.

Tulikwaruzana kwenye diski. Cheti cha uharibifu walichonitumia kiliandika "vifaa vya kompyuta" na uzito wa jumla, basi. Mtu mwenye diski zilizobeba nakala za vitambulisho, mikataba na picha za familia anataka kuiona kila moja kwa namba yake ya seriali, pamoja na njia iliyotumika kuiharibu. Kufuta faili hakuondoi data. Mara nyingi inabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Na SSD, ile diski ya kisasa ya chipu, haihifadhi kwa sumaku, kwa hiyo mashine ya sumaku inayomaliza diski za zamani haiifanyi kitu. Nilipouliza walitumia njia gani, wakajibu "zimefutwa kitaalamu". Hilo si jibu. Baada ya kusumbuana kwa barua pepe wakaleta orodha kamili: diski za zamani zimefutwa kwa sumaku, SSD zimesagwa, na namba zikalingana na picha nilizopiga mapema. Nawe zipige picha lebo za diski zako kabla ya kukabidhi.

Niliwabana pia kuhusu bodi za saketi, zenye dhahabu na shaba, zinaenda wapi. Wakanitajia kiwanda cha nje cha kuyeyushia na kunionyesha kibali. Tangu Januari 1, 2025, Mkataba wa Basel, wa kimataifa kuhusu kusafirisha taka kati ya nchi, unataka nchi inayopokea taka za kielektroniki iridhie kwanza, ziwe na sumu au zisiwe nayo, kwa hiyo usione aibu kuulizia karatasi hiyo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi mwaka 2022, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu ni asilimia 22.3 tu. Nyingine nyingi hazijulikani ziliishia wapi.

Nyota nne kati ya tano. Mwenye chaja chache na simu ya vitufe hana haja ya kuwaita. Boksi la kukusanyia dukani linamtosha, mradi asitumbukize humo betri iliyovimba. Katriji za wino hawapokei kabisa, kwa hiyo za kwangu bado ninazo, namuulizia mtengenezaji wa printa kama anazirudisha.