São Paulo au Salvador, miji ya Brazil: uende upi kwa chakula na utamaduni?

Kwa chakula, moyo wangu uko Salvador. Acarajé ni bajia ya kunde hasa: mama aliyevaa nguo nyeupe anaikaanga mbele yako kwa mafuta ya mawese, anaipasua, anaijaza kamba na pilipili. Ladha hiyo ilivuka bahari na Waafrika waliouzwa utumwani. Na haiumizi mfuko.

São Paulo inashinda kwa wingi: sandwichi nene ya mortadela (soseji pana iliyokatwa vipande vyembamba) katika soko la Mercado Municipal, vyakula vya Kijapani mtaa wa Liberdade, michoro ya MASP, jumba la makumbusho ya sanaa. Usafiri pia, metro inafika mbali; Pelourinho, mtaa wa kale wa Salvador, ni miguu yako na vilima vya mawe.

Una siku mbili na unapenda makumbusho? São Paulo. Una wiki na unataka ngoma za barabarani? Salvador.