Begi la mtumba Gombe: limenibeba vizuri, nusura liniangushe

Nimelinunua soko la Mwanga hapa Kigoma, shilingi 45,000 baada ya kuvutana sana. Ni la lita 50, nembo ilishang'oka, lakini lina mkanda mpana wa kiunoni wenye sponji. Muuzaji alishashika mkasi aukate, eti unaning'inia tu. Nikawahi mkono wake.

Safari niliyolinunulia ni ya hifadhi ya Mahale, kupanda mlima Nkungwe, mita 2,462, ambako lazima ulale njiani. Sikutaka kwenda kujua ubaya wake kule, kwa hiyo nikalijaribu kwanza Gombe, hifadhi ya sokwe. Boti la abiria kutoka Kibirizi, unashuka Kasekela. Nililijaza makusudi: hema, blanketi, maji lita tano, muhogo wa kuchemsha. Kama kilo kumi na moja hivi.

Gombe haina tambarare ya kupashia miguu moto. Ziwa liko kama mita 770 kutoka usawa wa bahari, na mgongo wa mlima unavuka 1,500 hapo hapo juu ya kichwa chako. Nusu saa haijaisha, mabega yanawaka. Mwongozaji (bila yeye huingii msituni) akanicheka: "Kaka, umelivaa kama mtoto wa shule." Akalegeza kamba za mabegani, akapandisha mkanda ukakaa juu kabisa ya mifupa ya nyonga, akaubana, ndipo akarudi kuvuta za mabegani, kidogo tu. Mzigo wote ukashukia kiunoni. Jamani! Nilikuwa nimeshaanza kulilaani begi bure.

Sokwe tuliwakuta bondeni, tukavaa barakoa. Hapo nikagundua kasoro: mfuko wa mbele unafungwa kwa ile gundi ya manyoya (velkro), ukiuvuta unalia kama shuka linalochanika. Kamera ilikuwa humo. Nikaiacha. Sokwe mama mmoja alikuwa anamchambua mwanawe chawa, hatua chache tu kutoka kwetu, sikuthubutu.

Kasoro kubwa ilikuja kwenye kushuka. Kiangazi majani ya juu yamekauka na changarawe zinateleza kama umemwagiwa choroko. Klipu ya plastiki ya kiunoni ikapasuka, mzigo ukahamia kushoto, nami nikakaa chini bila kupenda. Plastiki ya zamani iliyopigwa jua, ndiyo mambo ya mtumba. Nikafunga fundo, nikashuka nalo hivyo hivyo hadi ufukweni, muhogo nikiula mwishoni huku jicho moja liko kwa nyani.

Fundi viatu amenitolea bizimu la chuma kwenye mkanda mwingine mbovu, akalishona kwa uzi wa nailoni, elfu tatu. Nimeruka nalo chumbani likiwa na ndoo ya mchanga ndani, limeshika.

Nyota nne. Ukiliona kama hili, bonyeza klipu kwanza kabla hujauliza bei, na mkanda wa kiuno usikubali ukatwe.